Mtamba wa Gidion na Ziwa la Bondeni

Sombetini,
Arusha.
21 Septemba, 1998.

Mpendwa mdogo wangu Lengai,

Shikamoo yako nimeshaipokea hata kabla hujaitoa. Marahaba. Habari za Mwanza? Wifi yangu Nosim hajambo? Na watoto, kile kikohozi kimewaachia au bado? Barua yako ya mwisho ilisema mnakula samaki kila siku mpaka mmechoka. Sisi huku tunakuonea huruma sana.

Huku wote wazima kwa neema ya Mungu. Yeyo, mama yetu, magoti yanamsumbua, lakini kanisani hakosi, na akifika lazima akae benchi la mbele ili mchungaji amwone. Mdogo wako Sironka anachunga kama kawaida na hasira zake ni zilezile. Baba ni mzima wa mwili. Wa akili ndiyo sijui, na hilo ndilo limenifanya niache cherehani nikae na kalamu.

Lengai, unalikumbuka bonde letu la chini, kule nyuma ya mlima, ambako mvua hufika kama mgeni aliyepotea njia? Tulikochunga utotoni mpaka midomo ikapasuka kwa vumbi? Basi sasa ni ziwa. Usicheke. Zile mvua za Elnino zilivunja korongo, maji yakashuka yote yakakaa pale, na mpaka leo hayajaondoka. Migunga imesimama ndani ya maji hadi kiunoni. Wamekuja ndege ambao Baba mwenyewe hawajui majina. Asubuhi Mlima Meru wote unaonekana umelala humo kichwa chini, na mimi niliyezaliwa pale nilisimama nikasahau nilichotumwa.

Sasa uzuri huo umetuletea mtu. Anaitwa Gidion, Mchaga wa Machame, ana kampuni ya watalii hapa mjini. Unajua mambo yalivyo siku hizi, kila kitu ruksa, mwenye gari moja ana kampuni na mwenye magari mawili anaitwa mkurugenzi. Alikuja kwa Baba akiwa na mitumbwi ya plastiki, myekundu, akasema wazungu watalipa kupiga kasia mahali ambapo kote kuzunguka ni jangwa. Wewe unayeishi kando ya ziwa la kweli, niambie, kuna mtu anayeweza kupanda ndege kutoka Ulaya aje kukaa kwenye mtumbwi kule kwetu? Nilidhani anatudanganya. Wakaja. Tena kwa furaha, wamejipaka mafuta meupe usoni.

Baada ya safari ya kwanza Gidion aliiacha mitumbwi bomani kwetu, akaenda zake bila kuweka mlinzi. Hapo ndipo mambo yalipoanza kunichanganya. Baba aliuzunguka mtumbwi mmoja, akaugonga kwa fimbo, akasema ni hori zuri kuliko lolote alilowahi kulichonga. Akatia maji na magadi kidogo, ndama wakanywa humo. Gidion aliporudi akaukuta mtumbwi wake umelambwa mpaka unang'aa. Alishika kichwa, halafu akacheka. Huyo si mtu mbaya, Lengai. Ningependa awe mbaya ili nijue la kufanya.

Kwa Baba, mtu anayeacha mali yake ndani ya boma lako bila mlinzi anataka undugu. Kwa hiyo akamtolea mtamba, yule mwekundu mwenye alama nyeupe kwenye paji, mtoto wa yule ng'ombe wako uliyemwacha ulipohamia huko. Gidion akampokea kwa mikono miwili, akasema, "Asante Mzee, nitunzie hapahapa." Wachaga nao wanayo desturi ya kutunziana ng'ombe, kwa hiyo alijua la kusema. Tangu siku ile wakawa wanaitana pakiteng, kama wazee wetu waliopeana ng'ombe. Baba alifurahi wiki nzima.

Baada ya hapo Gidion alileta nguzo na waya akalizungushia ziwa uzio. Mlango una kufuli na ufunguo anao yeye. Anasema ng'ombe wanachafua maji na wageni hawapendi kupiga kasia katikati ya kinyesi. Sironka alipomuuliza kwa ruhusa ya nani, alishangaa kabisa. Alisema Mzee alimpa mtamba, na kwao mtamba hutolewa kuthibitisha jambo mlilokubaliana. Kwa hiyo Baba anajua ametoa undugu, na Gidion anajua amepewa ziwa, na wote wawili wanamtaja mtamba yuleyule.

Nilimwuliza Baba, "Ulimruhusu aweke uzio?" Akasema, "Pakiteng ameweka uzio. Mimi nimkataze nini?" Nikamwuliza ng'ombe watakunywa wapi. Akanituma nikamchemshie chai.

Tangu Julai mambo ni magumu. Lambo la juu limekauka. Ng'ombe, pamoja na wale wako, wanapandishwa mpaka kwenye kijito kule mlimani, na wakulima wa huko wanawafukuza kwa mawe. Wengine hurudi bila kunywa. Sironka amenoa panga, anasema atakata ule waya. Baba ameapa mbele ya watu kwamba atakayeugusa uzio wa pakiteng wake amemgusa yeye, na laana yake unaijua haina mzaha. Sironka akikata, ni laana na polisi. Asipokata, ng'ombe wanakufa. Wewe ndiye mtoto wa kwanza wa kiume, na neno lako tu ndilo linaloweza kukaa mbele ya neno la Baba. Kwa hiyo nakuomba uombe likizo uje haraka, uuvunje huo mkataba ambao sijui kama upo.

Barua niliifikisha hapo Ijumaa. Jumamosi nikaenda nyumbani, na sasa sijui kama niichane au niendelee. Naendelea, maana karatasi nayo si bure.

Nilimkuta Gidion ameleta wazungu, mume na mke wa makamo. Ziwa limepungua sana, limebaki dimbwi refu katikati na matope pande zote. Wageni walikuwa kwenye mtumbwi, makasia yanagonga chini, nao wanacheka tu. Baba alikuwa amesimama na Gidion kwenye mlango wa uzio. Mara Sironka akashuka na ng'ombe kutoka mlimani. Walikuwa wamefukuzwa tena. Waliponusa maji walikimbia wote wakajibana kwenye waya, na yule mtamba mwekundu mbele kabisa. Aliingiza shingo katikati ya nyaya akalia. Mbavu zake zilihesabika, Lengai. Machozi yalinitoka, siwezi kukuficha.

Gidion akauliza, "Mzee, yule mtamba wangu ana nini?"

Baba akajibu, "Ni wako, pakiteng. Mwangalie mwenyewe."

Gidion akamtazama mtamba, akawatazama wageni wake, akamtazama tena mtamba. Sironka alikuwa ameshika panga na mimi nilikuwa nimeshika mkono wa Sironka. Halafu Gidion akatoa ufunguo. Akafungua mlango kidogo ili apite mtamba wake peke yake, maskini, kama mtu aliyewahi kumwona ng'ombe akiingia peke yake penye maji! Waliingia wote. Walimsukuma akakaa chini kwenye matope na viatu vyake vya ofisini.

Nikasema sasa wageni watakasirika. Hawakukasirika. Walizungukwa na ng'ombe wanaokunywa, mtumbwi umekwama, na yule mama akawa anapiga picha na kulia kwa furaha. Gidion alibaki amekaa palepale kwenye matope, mabega yanatikisika. Mpaka leo sijui alikuwa anacheka au analia. Baba alienda akakaa karibu naye.

Jioni nilimwuliza Baba kama alimpa yule mtamba akijua kwamba siku hii itafika. Alinitazama kama nimeuliza jambo la kitoto. Akasema mtamba wa pakiteng amekonda na Sironka anachunga vibaya, halafu akalala.

Gidion aliondoka na wageni wake bila kusema atarudi lini. Ufunguo aliuacha kwenye kufuli. Sijui aliusahau au aliuacha kwa makusudi. Sironka alitaka kuuchomoa auweke ndani, Baba akakataa, akasema si wetu, una mwenyewe. Basi unaning'inia pale, mlango uko wazi, na ng'ombe wanaingia na kutoka.

Sasa mdogo wangu, nikuambie uje au usije? Ukija, utagombana na nani? Na maji yenyewe yakikauka, uzio utakuwa umezunguka nini? Nimeuliza Yeyo, naye amesema niandike salamu tu.

Basi msalimie sana wifi yangu Nosim, mwambie kitambaa alichoagiza nimekipata. Wabusu watoto. Yeyo anawaombea, Sironka anakusalimu japo amenuna, na Baba anauliza kama ziwa la huko nalo lina mwenyewe. Mungu awalinde na awape afya, na sisi atupe mvua ya kiasi, si kama ile.

Mengi siyaelewi. Ninalojua ni moja tu: ng'ombe wako wamekunywa.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Naipanoi