Mla Gesi Kwenye Friji la Shangazi

Jumatatu, 3 Machi
Friji la maabara limekufa! Chupa ya tope nimekuja nayo nyumbani. Tope la bwawa la mlimani, maji baridi ya kukata mifupa. Bwawa lenyewe limeshafukiwa, hakuna lingine. Shangazi kauliza kama ni ugonjwa. Nikamwambia ni bakteria wanaokula methani, gesi inayofuka topeni, na joto hawalitaki kabisa. Akasema wakigusa mtungi wake wa gesi jikoni tutakosana.

Alhamisi, 17 Aprili
Nimemtenga mla gesi! Friji jipya la maabara, chupa mpya, yeye peke yake—bila tope, bila wale bakteria wengine. Safi! Maji yameanza ukungu, maana yake anazaliana. Sampuli imekwenda kusomwa jenomu, maandishi yake yote ya urithi. Mkuu wa maabara hasifu mtu. Leo kasema si haba. Nusura nimkumbatie.
Shangazi anauliza tope litaondoka lini frijini mwake. Nimemwambia alivumilie kidogo, ni akiba.

Jumatano, 7 Mei
Jenomu imefika. Jamani! Herufi nne tu, zinarudiwa kwa mamilioni, na maisha yake yote yamo. Jeni za kumeza methani—hizi hapa. Jeni za kulainisha mafuta ya ngozi yake, yasigande kwa baridi kama samli. Nani alimfundisha? Kitu hata jicho halikioni! Nimekaa mdomo wazi, chai imepoa, machozi yananilenga. Dunia inachemka kwa gesi hii, na yeye yuko gizani anaila kimyakimya, hadai hata asante.

Ijumaa, 9 Mei
Chupa safi zinakufa. Zote. Maji yamerudi kuwa maangavu, ukungu umetoweka.
Mkuu kanikalisha mbele ya jenomu: nimwonyeshe anatengenezea wapi vitamini yake. Nimetafuta asubuhi nzima. Hakuna! Hana jeni hiyo. Alikuwa analishwa na wenzake—wale niliowaita uchafu. Nimemsafisha mpaka nimemuua. Mkuu kasema kidole kimoja hakivunji chawa, kisha kauliza tope liko wapi.
Tope! Nimempigia Shangazi. Anasema kesho ana wageni, friji kalisugua tangu asubuhi, linang'aa. Na chupa? Ile inayonuka? Anasema ningoje.
Simu iko sikioni, naandika. Nasikia malapa yake. Mlango wa uani. Mfuniko wa pipa la taka. Anahema.
"Mwanangu," anasema, "hivi huyo mdudu wako, jua analiweza?"