Karatasi Niliyokusomea

Msambweni, Jumanne

Kaka Fondo,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Huku mvua imeanza, na huko Samburu natumaini mifugo imepata majani. Uliponiambia umechinja mbuzi wa shukrani kwa ajili ya mdogo wetu Faith, nilikata simu. Sasa nakueleza sababu.

Kile kipimo cha damu cha Ukunda, nilichokusomea kwenye simu kwamba hana kuvu kwenye ubongo, kilitafuta kingamwili tu. Daktari Jacinter wa hospitali ya hapa anasema hizo ni askari ambao mwili huunda ukishambuliwa. Mwili wa Faith umedhoofika, huenda hauna nguvu ya kuunda askari. Kutowaona hakumaanishi adui hayupo. Kuvu yenyewe hutafutwa kwenye maji ya uti wa mgongo.

Akaniuliza ni nani aliyekataa Faith achomwe sindano ya kutoa maji hayo mgongoni wiki iliyopita. Nikasema ni kaka yetu mkubwa. Sikumwambia kwamba ulikataa kwa sababu mimi nilikusomea ile karatasi huku nikicheka kwa furaha.

Jana Faith alinishika mkono, akaniita kwa jina la marehemu mama.

Ningeweza kupiga simu. Lakini ungesema ningoje, nami sijawahi kuivunja kauli yako. Barua hii nampa dereva wa lori, utaipata kesho. Sindano ni leo saa nane. Nimetia sahihi yangu kwenye fomu ya idhini, mahali palipoachwa kwa ajili yako.

Mdogo wako,
Mbodze