Kumfuata Shija Nyarugusu

Jumatatu, 3 Oktoba 1983. Tinde

Kola tano leo. Zote za kugeuza. Kitambaa kipya hakijaonekana dukani tangu Julai, kwa hiyo watu wanaleta mashati yaliyochakaa shingoni. Nafumua kola, upande wa ndani unakuja nje, nashona tena. Uzi mweupe unakaribia kwisha. Mzee Karim, mwenye duka ambalo cherehani yangu ipo barazani pake, anasema riziki ni ya Mungu, nisihangaike. Yeye Mwislamu, mimi Mkatoliki. Kwa hilo hatubishani.

Joto kali. Sala ya mchana nimeisahau.

Alhamisi, 6 Oktoba

Barua kutoka Morogoro. Bruda Anselmi.

Ndiye aliyekuja parokiani Kwaresima iliyopita na mwenzake, wakafundisha wiki mbili. Walilala mkekani. Waliosha vyombo wakitaniana. Mwenzake alipougua malaria, Anselmi alimlisha uji kijiko kwa kijiko, bila neno. Mimi nilikuwa mlangoni na mtungi wa maji. Tangu siku ile sina utulivu. Nina miaka ishirini na sita na nataka kuwa bruda. Si padri. Bruda.

Anasema nifike nyumba ya malezi Januari, wiki ya kwanza. Sharti moja: "Ongea na baba yako mpaka muelewane. Usije kwetu ukimkimbia mtu." Na swali moja: "Unatafuta nini kwetu?"

Nimelibeba swali hilo kutwa. Sijui.

Jumapili, 9 Oktoba

Baada ya Misa nilipanda baiskeli hadi nyumbani, nikamwambia Baba. Baba hajabatizwa. Alinisikiliza huku anasokota kamba ya ndama. Akauliza kama mabruda wanaoa. Hawaoi. Kama wana ng'ombe. Wachache, nadhani. Akacheka kidogo.

Kisha akasema, "Ng'wana wane, mwanangu, nilikuwa na wana wawili. Shija akirudi, nenda unakotaka. Asiporudi, utanizika kwanza."

Shija ni kaka yangu. Aliondoka mwaka 1974. Mke wake, Kabula, hakuwa amepata mtoto kwa miaka minne. Baba akamrudisha kwao, na ng'ombe wa mahari wakarudi zizini kwetu. Shija alikuwa mnadani siku hiyo. Alirudi akakuta nyumba yake imefagiwa. Alichukua shati na baiskeli. Hatujui hata kama yu hai.

Baba anajua alichosema. Amenikatalia kwa maneno ya kukubali.

Alhamisi, 13 Oktoba

Utingo wa lori la pamba ameleta suruali iliyochanika gotini. Msemaji sana. Alikuwa anasimulia habari za Nyarugusu, za wachimba dhahabu, akamtaja mmoja wa huku kwetu, mrefu, kidole chake kidogo cha kushoto hakinyooki. Anaitwa Shija.

Sindano ilivunjika.

Kidole kile kilivunjwa na ndama mbele ya macho yangu, nikiwa na miaka saba.

Baba nimemwambia nakwenda Kahama kutafuta uzi. Kama si yeye, afadhali mzee asijue. Lakini ni uongo.

Jumanne, 18 Oktoba. Bugarama

Lori hadi Kahama. Lingine hadi hapa. Vumbi mpaka kwenye meno. Nimefikia kwa katekista. Mke wake amenipa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na chai isiyo na sukari, akaomba radhi kwa ajili ya sukari kana kwamba kwetu ipo. Wameniuliza nakwenda wapi. Nimesema, kwa kaka yangu.

Nimefurahi kulitamka. Njiani nilimwambia na mtu mwingine ambaye hakuuliza.

Alhamisi, 20 Oktoba. Nyarugusu

Nimemwona.

Amekonda. Vumbi jekundu mwili mzima. Alikuwa amesimama kwenye mdomo wa duara, ndivyo wanavyoyaita mashimo yao. Refu kuliko kisima, kuta zimezuiwa kwa magogo. Alinitazama muda mrefu.

"Sospeter?"

Nikamwamkia, "Shikamoo, kaka." Hakuitikia. Alinikumbatia mpaka nikakosa pumzi. Alikuwa anacheka. Swali lake la kwanza: "Mama hajambo?"

Mama alifariki mwaka 1979. Tulituma habari kwa watu wawili, kila tulikodhani yupo. Kumbe hazikufika.

Nikasema, "Hajambo."

Sijui kwa nini. Najua kwa nini. Alikuwa anacheka.

Jumapili, 23 Oktoba

Nakaa kibandani kwake. Mchana navuta kamba ya ndoo, mawe yanapanda, tunayatwanga kwenye kinu cha chuma, unga tunaupeleka mwaloni, penye maji, kuuosha. Malengelenge mikono yote miwili. Fundi cherehani si mtu wa kamba. Shija ananicheka, kisha ananifunga vitambaa viganjani. Asubuhi nikifungua macho kuna mtu anapuliza moto. Anaimba wimbo wa kulima, anakosea palepale alipokuwa anakosea zamani.

Leo katekista wa hapa alisoma Neno kwenye banda la nyasi. Nilikwenda. Nilikaa nikitazama mlango. Nilitaka kurudi kwa Shija.

Sijawawaza mabruda tangu Alhamisi. Hili linanitisha kuliko shimo. "Unatafuta nini kwetu?" Labda nilikuwa namtafuta huyu tu.

Jumatano, 26 Oktoba

Amenunua kitenge. Cha Mama. Nchi nzima hakuna nguo, yeye amekipata kwa mlanguzi. Alinipa nikishike, kwa kuwa mimi ndiye fundi, nimwambie kama ni kizuri.

Ni kizuri. Nilishika pindo nikajifanya nalikagua. Chakula kimenishinda.

Ijumaa, 28 Oktoba

Nimemwambia. Tulikuwa tumekaa juu ya magogo kabla ya kuanza kazi.

"Kaka, Mama hayupo. Mwaka wa nne sasa."

Hakupiga kelele. Aliuliza, "Na siku ile nilipokuuliza?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kwamba utaacha kucheka."

Aliinuka akashuka shimoni, hakumwita mtu wa kumshikia kamba. Nilishika mimi. Nilishika mpaka alipopanda, jua limeshapinda. Alinipita kama mtu anavyopita kisiki.

Siku nane nimemwacha akipanga zawadi ya marehemu. Na mimi ndiye ninayetaka kuweka nadhiri mbele ya Mungu.

Jumamosi, 29 Oktoba

Shija hayupo. Sufuria imeoshwa, matandiko yamekunjwa. Mshirika wake anasema ameondoka alfajiri na kumwachia sehemu yake ya duara. Hakusema anakwenda wapi. Nimeuliza barabarani mpaka sauti imekauka.

Mara ya kwanza aliyempoteza ni Baba. Mara hii ni mimi.

Alhamisi, 3 Novemba. Nyumbani

Njia nzima nilikuwa napanga jinsi ya kumwambia Baba. Nimefika nikamkuta Shija juu ya paa la ghala, anaezeka. Baba yupo chini anampa nyasi. Hawasemezani. Baba anainua fungu, Shija anapokea. Kitenge kimetandazwa juu ya kaburi la Mama, mawe manne kwenye pembe. Mvua ya kwanza imekilowesha.

Nilisimama uwanjani na mfuko wangu. Shija alinitazama.

"Lete kamba," akasema.

Nikaleta kamba.

Jumapili, 13 Novemba

Tunakula watatu kwenye sinia moja. Juzi Baba alisema, bila kumtazama mtu, "Yule mwanamke hakuwa na kosa." Hayo tu. Kwa Baba hiyo ni hotuba. Shija alitoka nje. Akarudi akamaliza ugali wake. Tumesikia Kabula ameolewa Nzega na ana watoto wanne.

Sasa naenda Tinde asubuhi, narudi jioni, kuna mtu wa kuongea naye. Uongo wangu Shija ameusamehe kwa namna yake: ananituma maji kama zamani.

Nimemwandikia Anselmi. Nimeeleza yote. Nimesema sistahili. Nimesema pia kwamba nimempata ndugu na moyo umetulia. Sentensi hiyo ya mwisho niliiandika, nikaifuta, nikaiandika tena. Si kweli yote. Nikipita karibu na kanisa kengele inapolia, tumbo linanishika kama mtu mwenye njaa.

Jumatano, 7 Desemba

Amejibu.

"Ulidanganya kwa kuogopa kumpoteza kaka yako. Ni vibaya, umetubu, yatosha. Hapa kwetu wawili wamenuniana wiki nzima kwa sababu ya ndoo. Ungekuja kutafuta ndugu kwa kuwa huna, tungekuchosha ndani ya mwezi mmoja. Sasa unaye. Basi swali langu limekuwa fupi: bado unataka?"

Bado nataka.

Nimelisema kwa sauti, barazani, mguu kwenye pedali. Mzee Karim akauliza kutoka ndani nataka nini. Nikasema chai.

Jumapili, 11 Desemba

Tulikuwa tunapanda pamba. Nilimwambia Shija kila kitu: barua, Morogoro, sharti la Baba. Alisimama na jembe lake.

"Kumbe ulinifuata Nyarugusu ili uniweke mahali pako, uondoke."

Ndivyo nilivyokwenda. Nilitaka kumwambia kwamba sivyo nilivyorudi. Alikuwa ameshainama, anachimba mashimo ya mbegu, harakaharaka, mengine hayana mstari.

Afadhali angenipiga.

Jumapili, 25 Desemba. Noeli

Shija alikuja kanisani. Hakuwa ameingia tangu alipoondoka. Alisimama nyuma kabisa, kofia mkononi.

Nilipopokea Komunyo nilijua. Hakuna sauti, hakuna mwanga. Nilijua kama mtu anavyojua kuwa ana kiu. Kila nilichokikosa mwaka jana ninacho leo: kaka nyuma yangu, Baba nyumbani amechinja mbuzi, shamba limeota. Na bado.

Nimelia kidogo. Jirani yangu alidhani ni kwa ajili ya Mtoto Yesu.

Nimeamua jambo moja. Shija akikataa, sitaondoka Januari hii. Sitatoka kama yeye alivyotoka.

Ijumaa, 30 Desemba

Baba alituita wote wawili chini ya ghala. Alikuwa ameyafikiria maneno, nilimwona tangu asubuhi anatembeatembea.

"Shija, wewe uliondoka bila kuaga, nikakaa miaka tisa natazama njia. Huyu anaaga. Mtu aliyeaga hajapotea."

Shija akaniuliza mimi, si Baba, "Huko utakuwa na nani?"

"Na watu nisiowajua."

"Na unaniacha mimi unayenijua."

"Ndiyo, kaka."

"Kwa nini?"

Nilitafuta neno. Sikulipata kwa Kiswahili wala kwa Kisukuma. Nikasema, "Naitwa." Likasikika dogo sana.

Alitazama mikono yake. "Mimi pia nilidhani lile shimo linaniita. Miaka tisa." Akasimama, akajipangusa. "Ukikosea, rudi. Usikae miaka tisa kwa aibu."

Baba alijifanya anawatazama ng'ombe.

Jumanne, 3 Januari 1984. Stesheni, Shinyanga

Asubuhi Baba alinitemea maji kifuani, baraka ya wazee, akaingia ndani kabla sijatoka uwanjani. Cherehani nimemwachia Mzee Karim aitafutie fundi. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema nimwombee naye ataniombea, tuone nani atasikiwa kwanza.

Shija amenisindikiza. Treni imechelewa kwa saa sita. Alininunulia karanga, akazila nyingi yeye. Treni ilipofika alinipitishia mzigo dirishani, akaingiza mkono, akaniweka kiganja juu ya kichwa, kama alivyokuwa akifanya nikiwa mdogo na nina homa.

Hakusubiri ianze kwenda. Nilimtazama mgongo mpaka watu wakamziba.

Jumapili, 15 Januari. Morogoro

Tupo saba. Mvua kila siku. Milima imetukaribia mno, sijaizoea. Kwetu macho yanakwenda mbali. Wiki hii kazi yangu ni banda la nguruwe. Wa kitanda cha pili ni mtu wa Songea, anakoroma, na sabuni yake haigusiki. Bruda Anselmi ameongea nami mara moja tu, kuniuliza kama nimepata blanketi.

Alasiri wenzangu walikwenda kucheza mpira. Nilikaa kwenye ukuta. Nimemkumbuka Shija. Saa hizi wanarudisha ng'ombe, yeye mbele, Baba nyuma, hakuna anayesema neno.

Lango lilikuwa wazi. Kuna mzee alikuwa anaingiza mkokoteni wa kuni. Nililitazama muda mrefu. Kisha nikachukua ndoo, nikaenda kuwachotea nguruwe maji.