Mikono Miwili ya Kushoto

4 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi, na shemeji mpe zake. Mimi mzima wa kukaa, maana kusimama ni shughuli. Naandika kwa sababu sauti inakwaruza, na kwenye simu unaniuliza "nani mwenzangu?" Nimechoka kujitambulisha kwa mtu niliyembeba mgongoni.

Sasa nisikilize. Unajua yale makoti meupe ninayoshonea zahanati. La mkuu wa wauguzi nililikata nikiwa na usingizi, kitambaa sikukigeuza, nikamshonea mikono miwili ya kushoto. Akalivaa mbele ya wenzake. Walivyocheka! Nikaingia kwa daktari wao, kijana mdogo, naye hata hakuinuka kitini. Nilimwambia nasikia baridi juani, uso umevimba, nyusi zinapukutika, choo nacho kimegoma. Akasema, "Mama, ni uzee tu. Kapumzike."

Mwanangu kusikia hivyo, basi. Kachukua mkasi wangu kaufungia kabatini kwake, na chumba cha kushonea anampangisha muuza simu mwezi wa nne. Nimeachwa kama kiti kibovu. Nina hasira, halafu nasinzia kabla hazijaisha.

Dada yako

19 Februari

Dada,

Hujambo? Mimi sijambo wala si mzima, nawaka. Huku kwenye kufua mashuka ya hoteli joto ni la kwao, na mimi nina la kwangu. Hedhi imekata, jasho linanitoka shingoni hata nikisimama mlangoni. Wewe unaganda, mimi naungua. Mama alizaa friji na jiko.

Wiki iliyopita msimamizi alitupunguzia muda wa kupumzika. Nikamfokea. Akawaambia wenzangu, "Mwacheni, homoni hizo." Homoni? Kakata muda wangu wa kula, halafu hasira ziwe za homoni! Hasira zangu ni zangu, dada, nimezitafuta mwenyewe.

Ila la jasho nilimpelekea muuguzi. Akanieleza vizuri: tukifika umri huu homoni nyingine zinapungua, ndiyo jasho langu hilo. Akauliza habari za ndugu zangu, nikamtajia baridi yako, sauti na nyusi. Akaacha kuandika akaniangalia. Anasema kuna tezi hapa mbele ya shingo, homoni yake ndiyo inayoupa mwili mwendo. Kwa wanawake, umri ukisogea, inaweza kuzembea, na mtu akaonekana kazeeka tu kumbe anaumwa. Kipimo ni cha damu. Ikiwa ndiyo hiyo, dawa ipo, kidonge kila siku.

Huyo daktari wako alikutoa damu? Au alikupima kwa macho kutoka kitini? Nenda hospitali nyingine, na uende wiki hii.

Mdogo wako

2 Machi

Wewe,

Shikamoo yangu sijaiona kwenye barua yako, lakini siku hizi nani anamwamkia dada. Hatujambo.

Usinifundishe kuzeeka. Umeondoka hapa na sanduku moja, leo umekuwa bingwa wa tezi! Mama alikuwa hivihivi: sweta mchana, usingizi, sauti nzito kama ya mwanamume, na hakuna aliyemchoma sindano. Alizeeka kwa heshima akaenda zake. Na mimi niache. Mwanangu kashaamua, muuza simu kashapima rafu zake. Sitaki kwenda kuvuliwa sweta na watoto wengine niambiwe neno lilelile.

Dada yako, kama bado unakumbuka

11 Machi

Shikamoo dada. Umeipata.

Isome tena barua yako, pale ulipomtaja mama. Baridi, usingizi, sauti. Alikuwa na miaka sitini na moja! Jirani ana tisini na anabeba maji. Mama hakuzeeka, dada. Tulimfunika blanketi tukamwacha.

Tangu nilipoisoma sili. Kama hutaki kwenda kwa ajili yako, nenda kwa ajili yangu, maana hasira hii sina pa kuipeleka.

Mdogo wako

30 Mei

Mdogo wangu,

U hali gani, na jasho je? Najua ulinuna kwa ukimya wangu. Nilikuwa sina la kukwambia nisilie.

Nilikwenda. Ni tezi. Daktari mama mtu mzima alisema ilishalala siku nyingi. Nameza kidonge alfajiri kabla ya chai, na damu watakuwa wanaipima tena. Mwanzoni sikuona kitu, nikakutukana kimoyomoyo. Halafu siku moja nikajikuta nimevua sweta nalitundika, wala sikumbuki nililivua saa ngapi.

Nikaenda kwa mwanangu. "Mkasi wangu." Akasema, "Mama, chumba kina mtu." Nikamwambia huyo mtu ni wako, mkasi ni wangu. Sasa muuza simu yuko upande wa dirisha, mimi na cherehani mlangoni. Analalamika kelele. Alalamike.

Koti la kwanza nilimshonea yule daktari kijana. Nikampelekea asubuhi, foleni imejaa. Akalivaa, likamkwama mabegani.

"Mama, yote miwili ya kushoto!"

"Uzee tu, daktari."

Wakacheka. Mimi sikucheka. Nikasimama palepale nikamweleza habari za mwanamke mmoja aliyekuwa akisikia baridi juani, akaambiwa uzee, akafunikwa blanketi mpaka akafa. Nilimweleza yote, mbele ya foleni nzima. Akaniuliza kwa sauti ndogo alikuwa nani. Nikamwambia ni mama yangu. Kisha nikatoa koti lililo sawa kwenye mfuko, nikaliweka mezani, nikaondoka.

Hasira hazijaisha, wala sitaki ziishe. Lakini barua basi, vidole ni vya kushonea. Sauti imerudi. Nipigie, nikugombeze vizuri kwa mdomo wangu mwenyewe.

Dada yako