Mjomba, Nimeuchoma Mtungi wa Salim

Mjomba wangu,

Amani iwe nawe huko ulikolala, na Mungu akupanulie kaburi lako. Nakuandikia nikiwa nimeketi barazani kwako, mikono inanuka tapentaini na moyo hautulii. Adhuhuri imeshaswaliwa. Ikiswaliwa alasiri, jambo hili litakuwa limenitoka mkononi.

Tangu utuache nyumba imepoa. Mkaza mjomba Bi. Rukiya angali edani, tunasemezana kupitia pazia. Brashi zako nazitumia mimi. Watu bado wanasema wanaleta kazi "kwa Bwana Athmani", kana kwamba umetoka kidogo tu, nami sina ulimi wa kuwasahihisha.

Sasa sikiliza. Kuna Mzungu amepiga hema Wiyoni, anazamia baharini kutazama samaki na matumbawe. Mtaani wamembandika jina la Bwana Pomboo. Hubeba mgongoni mtungi wa chuma uliojaa hewa, akavuta pumzi kwa bomba la mpira, akakaa chini ya maji mpaka ukadhani amekwisha kufa. Amemchukua mwanao Salim awe mwenzake wa kuzamia. Salim, Mjomba! Yule ambaye tangu tukuzike alikuwa hasemi, anakula tonge moja anainuka. Siku hizi anarudi nyumbani akipiga mluzi.

Mitungi yenyewe ilikuwa imeliwa na kutu. Bwana akaniletea niipake upya, kila mmoja na rangi yake, wapate kutambuana huko chini. Wachukuzi walioileta wakaiita mitungi ya pepo. Wao walikusudia upepo, lakini mkaza mjomba akasikia yale mapepo mengine. "Pepo hawaingii nyumbani mwangu, nami ni mwenye eda!" akapiga ukelele nyuma ya pazia. Ungecheka mpaka ukohoe. Basi nikaifanyia kazi nje.

Salim alichagua manjano. Akataka na jicho, kama yale uliyokuwa ukichora kwenye omo, pale mbele ya majahazi. Nikamwambia jicho la mgongoni litaona nyuma tu. Akasema ndiko anakotaka kuangaliwa, maana papa hapigi hodi.

Nikafanya kama ulivyonifundisha. "Choma kwanda, kisha ukwangue, ndipo upake." Hayo ndiyo maneno yako kila tulipokilaza chombo ufukweni tukakipitishia moto wa makuti tumboni. Mitungi ilikuwa mitupu. Nikakusanya makuti makavu, nikaichoma. Ule wa Salim ulikuwa na rangi nzito kuliko yote, nikaurudia, mpaka chuma chenyewe kikageuka buluu. Rangi ya kale ilibanduka yote, nikapaka mpya, na ile buluu ikafunikwa na manjano. Nilifurahi, nikatamani ungekuwepo uone.

Leo asubuhi nimeipeleka Wiyoni. Bwana Pomboo ameisifu, akaugeuzageuza wa Salim, akalicheka lile jicho. Kisha akamwambia Salim, nami nimesimama pale pale: "Usiuache juani. Na moto usiukaribie kabisa. Chuma hiki kikipata moto kinalegea, na hewa ya ndani ina nguvu ya kubomoa nyumba." Salim akaitikia. Mimi nikaliinamia lile jicho kulifuta vumbi. Nikaaga nikaondoka.

Kinachonitesa ni kwamba sijui kama chuma kimelegea au la. Ubao ulioungua utaukwaruza kwa ukucha, utajua. Chuma hakisemi. Huenda hakina neno. Huenda makuti si moto anaousema yeye. Najiambia hivyo, natulia kidogo, halafu naiona tena ile buluu. Baada ya alasiri wanawasha mashine ya kujazia hewa, na mtungi wa Salim ndio wa kwanza. Ameomba mwenyewe.

Nikisema, Bwana ataitupa mitungi yote, na kupata mingine ni mpaka meli ije kutoka Ulaya. Salim atarudi kwenye kimya chake, na safari hii atakayekuwa amemrudisha ni mimi. Mjini watasema mpwa wa Athmani ameharibu vitu vya watu. Naogopa, Mjomba. Hasira ya Mzungu nitaivumilia, lakini uso wa Salim sijui nitautazamaje. Ungekuwepo ungeniita karibu nawe, "Ndoo, keti," nami ningepata pa kuuweka moyo.

Siku ile tulipokuzika, tulioingia kaburini kukupokea ni mimi na yeye. Yeye alikushika kichwa, mimi miguu. Tangu asubuhi najiuliza, akiwa ni Salim anayeteremshwa, mimi nitaingia na nani?

Basi. Nainuka. Nakwenda Wiyoni sasa hivi, na mkiniona nikipita hapo makaburini mbio na kofia mkononi msinicheke, wewe na jirani zako. Nitasema yote mbele ya wote wawili, moto wa makuti na ile buluu.

Buriani, Mjomba, Mungu akurehemu. Mwanao atanuna. Huenda asinisemeze mpaka mama yake atoke edani. Lakini nakuahidi hivi: leo usiku atakula nyumbani, akiwa amenuna.

Mpwa wako,
Twalibu