Klarineti Imetangulia

Mji Mkongwe, Unguja

Kwa dada yangu Mwanaidi,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje, na shemeji anaona vizuri tangu apasuliwe jicho? Mimi ni mzima, ila meno, ambayo nitayaeleza. Nimeona niandike kwa sababu kwenye simu husikii vizuri, na mjukuu wako akikukariria maneno yangu huyapunguza. Barua hii anakuletea mtoto wa jirani yangu, anayekuja Korogwe kwa shughuli zake, pamoja na kisanduku cheusi. Kisifunguliwe kabla hujasomewa mahali nitakapoagiza kifunguliwe.

Mwezi wa Shaabani niling'olewa meno mawili ya mbele, ya juu, nikawekewa ya bandia. Kwa mtu mwingine hilo ni jambo la kutafuna muhogo tu. Kwa mpuliza klarineti na saksafoni, meno hayo ndiyo yanayoshikilia chombo. Sijayazoea, mwezi ukaandama. Hapa Ramadhani ikiingia bendi zote hunyamaza, na kupuliza hata chumbani kwako ni kukosa adabu. Kwa hiyo mwezi mzima nilivaa saksafoni shingoni nikawa nabonyeza vibonyezo tu, bila pumzi, vidole visisahau. Bi Mwanakheri, jirani tunayetazamana madirisha, akaniona.

"Mzee Shomari, unamkama ng'ombe gani huyo?"

"Nafanya mazoezi."

"Mbona hailii?"

"Ni Ramadhani, Bi Mwanakheri."

"Aa, basi na yenyewe imefunga."

Unakumbuka tulivyoagana nilipokuja kwenye arubaini ya mama? Uliniambia chumba cha nyuma ni changu, nirudi nipumzike. Nikakujibu kwamba siku watu watakapokicheka chombo changu, nitarudi bila kuitwa. Neno nililitoa mimi, kwa hiyo ni wajibu wangu kukupa habari kamili.

Idi Pili tulipiga dansi la alasiri katika ukumbi mmoja wa Mwanakwerekwe. Wimbo wa kwanza huanza na klarineti peke yake. Nilipopanda sauti ya juu, bamba la meno likacheza, na chombo kikalia kama kuku aliyekanyagwa. Watu walicheka, dada. Khamis, mpiga ngoma wetu, akasema nyuma yangu, "Mchinje kabisa, Mzee, tupate mchuzi."

Nikaanza tena, ikawa vilevile. Machano, kiongozi wa bendi, akanisogelea huku akiziba pengo kwa gitaa lake.

"Mzee, shika saksafoni."

"Sijashindwa."

"Sikusema umeshindwa. Watu washasimama, wanakusubiri wewe."

Nikabadilisha. Mdomo wa saksafoni ni mpana, haubanwi sana, meno yakatulia. Sauti haikuwa ile ya zamani. Ilikuwa nzito, yenye upepo kidogo, lakini ilikwenda nilikoituma. Hakuna aliyerudi kitini mpaka tulipofunga kwa ajili ya Magharibi. Tukiwa tunakusanya vyombo, Machano alisema kwamba sehemu za klarineti sasa zitapigwa kwa saksafoni. Sikubishana. Siku zilizofuata nilijaribu chumbani, lakini klarineti hainikubali tena.

Ahadi yangu nimeipima kwa haki. Iliyochekwa ni klarineti, saksafoni haikuchekwa. Kwa hiyo inayorudi nyumbani ni klarineti.

Sasa kisanduku kifunguliwe. Ifutwe kwa kitambaa kikavu, iwekwe chumba cha nyuma, mbali na dirisha linalopigwa na jua, na watoto wasiiguse.

Msalimie shemeji, asiache dawa ya jicho. Mpe pole mdogo wetu wa mwisho kwa mahindi yaliyokauka shambani. Huyo mjukuu anayekusomea nampa salamu zake peke yake, na kama ameruka mstari, arudie.

Kitanda cha chumba cha nyuma usikitoe. Siku saksafoni nayo itakapochekwa, nitaileta mwenyewe.

Nduguyo mtiifu,
Shomari