Mbuyi, si Chola

Elisabethville, 1961

Kabanga, mapasa wangu wa tumbo moja,

Jana Mama alipika samaki ya Pweto, akakuwekea sahani, akisahau ulikimbilia Bakwanga, kule Kasai.

Nilienda Ndola, kwa mashindano ya kunyanyua vyuma na Barodesia. Mwalimu wetu, Monsieur Laurent, aliniandikisha Chola, jina ya Katanga, eti Mbuyi ni jina ya Bakasai, na Bakasai banafukuzwa. Unajua haya yangu: niliitika oui. Lakini balipoita «Chola!», nilibaki nimekaa.

«Unaogopa chuma?» Monsieur Laurent akauliza.

Mwishowe akapasuka mbele ya bantu wote: «Mbuyi! Simama, mupumbavu!»

Nikasimama, nikanyanyua. Amenifukuza kwa timu, anifukuze. Muntu moja wa kwetu, anayejua Mbuyi haizaliwi bila Kabanga, aliita kutoka nyuma: «Mbuyi, na Kabanga iko wapi?»

Mimi huyu, nikapiga kelele: «Iko Bakwanga, na atarudi!»

Ni mimi,
Mbuyi